Masikio ya Chifu Owuor

Bethuel alijaliwa masikio makubwa, na kwa muda wa karibu mwaka mmoja masikio hayo yalikuwa ushahidi wa kihistoria. Usicheke. Yalipimwa kwa rula mbele ya mashahidi, yakalinganishwa na masikio ya marehemu, na matokeo yakaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano wa pili, kifungu cha sita.

Chanzo chake ni kitabu. Wana-Nyasembe wanaoishi Stockholm hawazidi familia kumi na tano, wametapakaa toka Bredäng mpaka Jordbro, na Nyasembe yenyewe ni lokesheni moja tu kule kusini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania, inayotoa mahindi, tumbaku na majivuno. Kuna Wajaluo, Wakuria, Waabasuba na Wakisii kidogo, ndiyo maana wakikutana huongea Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Na kila familia ina mtu wake mkubwa. Wengine babu yao ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda baiskeli, wengine wa kwanza kubatizwa, na familia moja inajivunia kwamba babu yao ndiye wa kwanza kufungwa jela, tena Kisumu, si jela za karibu karibu. Wakaamua kuandika kitabu, Watu na Familia Mashuhuri za Nyasembe, kabla wazee hawajaisha.

Kwa kuwa wako Uswidi, walifanya kwa mtindo wa Waswidi. Katika nchi ile watu watatu wakitaka kujifunza jambo lolote, iwe kufuga nyuki au kuimba, hufungua studiecirkel, kikundi cha kujisomea, wakapewa chumba, kahawa na karatasi ya mahudhurio. Wao walipewa chumba Bredäng, Jumamosi saa saba mchana, ukuta kwa ukuta na kikundi cha kufuma sweta. Bethuel akawa mwenyekiti. Hakuna aliyemchagua hasa, ila alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele na kufungua faili. Leokadia, mama mmoja wa Tarime aliyeolewa na mtu wa Nyasembe, akawa katibu, kwa hoja kwamba yeye ni wa ng'ambo ya mpaka na hana babu wa kumpigania.

Shida ilikuwa sura ya kwanza, ile ya machifu. Bethuel alikuwa mjukuu wa Chifu Owuor, aliyetawala Nyasembe miaka ishirini na miwili, na jambo hilo alilijua kila mtu aliyewahi kukaa naye zaidi ya dakika tano. Kule maabara ya hospitali ya Flemingsberg, alikofanya kazi, hata Waswidi walilijua. Kwa hiyo sura ya kwanza ilikuwa ni Owuor mwanzo mpaka mwisho, na jalada lingekuwa picha yake.

Picha yenyewe ilipatikana kwa bahati. Mmisionari mmoja wa Kiswidi, Bwana Lindkvist, alipita Nyasembe mwaka 1941 akitokea Bukoba, na mjukuu wake alipokuwa akisafisha dari la nyumba alikuta boksi lenye picha na madaftari matatu, akalipeleka kanisani kwa Bethuel baada ya kusikia kuna watu wa huko. Kwenye picha mtu mwembamba amesimama ndani ya koti refu la vifungo vya chuma, macho yamekaza mbele, masikio yamesimama pembeni kama milango ya kabati iliyoachwa wazi. Nyuma kumeandikwa kwa Kiswidi: Chifu, Nyasembe, 1941. Bethuel alipoiona alilia. Siku hiyo hiyo alimpigia simu baba yake nyumbani, mzee wa miaka sabini na minane, na kabla ya wiki kwisha mzee alikuwa amemtafuta mchoraji na Chifu Owuor akachorwa kwenye ukuta wa kinu cha kusaga unga, pale kila mtu wa sokoni angemwona.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu, Mama Milcah.

Milcah alikuwa na miaka sabini na minne, mstaafu wa kazi za usafi, mkazi wa Bredäng tangu miti ya pale ilipokuwa fito. Alizaliwa katika nyumba ya Orwa, na bibi yake alimwambia tangu yuko mdogo kwamba lile koti la chifu ni la kwao, kwamba chifu wa haki alikuwa Orwa, na kwamba Owuor alikuwa mtu wa kuwachotea maji. Hakutaka mengi. Alitaka mstari mmoja kitabuni: kwamba kabla ya Owuor palikuwa na Orwa. Bethuel aliufuta mara tatu. Alisema, kwa upole wa mtu mwenye picha mkononi, kwamba kila nyumba ina bibi na kila bibi ana hadithi, lakini historia inataka ushahidi. Hapo ndipo alipoomba rula, masikio yake yapimwe na kulinganishwa na yale ya pichani.

Milcah hakubishana. Kwa desturi ya Waswidi, kumbukumbu za mkutano hazihesabiki mpaka mtu aliyeteuliwa azisome, akubali kuwa ndivyo mambo yalivyokwenda, na atie sahihi. Mtu huyo huitwa justerare. Milcah aliteuliwa kwa sababu siku ya uteuzi alichelewa na hakuwepo kukataa. Sasa bila sahihi yake kumbukumbu hazikupita, bila kumbukumbu sura ya kwanza haikupita, na bila sura ya kwanza kitabu hakiendi kwa mpiga chapa. Kila mkutano alizisoma, akavua miwani, akasema atazifikiria. Alizifikiria kuanzia Februari mpaka Oktoba.

Uvumilivu ukamwishia Bethuel. Akakumbuka yale madaftari ya mmisionari. Hakuna aliyekuwa ameyasoma, maana mwandiko wake ulikuwa wa zamani, umejikunja na kujipinda, hata Waswidi wenyewe waliutazama wakatikisa kichwa. Lakini binti yake Valerie alikuwa anasoma historia pale chuoni Flemingsberg, na alikuwa amefunzwa kusoma miandiko hiyo. Bethuel akampa madaftari akamwambia amtafutie ukurasa wa Nyasembe, ili yule mama afungwe mdomo kwa maandishi ya mtumishi wa Mungu.

Ningekuwa karibu ningemshika mkono. Mtu mwenye kesi iliyokwisha kumpendeza haendi kutafuta shahidi mwingine.

Jumapili moja baada ya kanisa, Valerie alikaa naye jikoni. Alikuwa ameyanakili maneno yale kwa Kiswidi cha kueleweka kwenye karatasi mbili, na alianza kusoma bila kumwangalia baba yake usoni. Bwana Lindkvist aliandika kwamba alifika Nyasembe na kamera yake ya miguu mitatu, na kabla hajaisimamisha habari zilishaenea kwamba mzungu amekuja kuchukua sura za wakubwa ili wapelekwe vitani, na wengine wakasema hapana, kile chombo chenyewe kinaua, aliyepigwa hamalizi mwezi. Akaomba kumpiga picha chifu. Akaambiwa asubiri. Nyuma ya nyumba kuku walipiga kelele ajabu kwa muda mrefu, kisha akaletwa mtu amevaa koti la chifu, akasimama akapigwa, na mmisionari akaondoka ameridhika.

Bethuel aliuliza kuku wameingiaje katika historia.

Valerie akafungua karatasi ya pili. Baada ya miezi saba Lindkvist alirudi, na mkalimani wake akamwambia ukweli. Chifu alikuwa Orwa, na siku ile alikuwa ndani ya kibanda cha kuku, amejikunja, anasubiri mzungu aondoke. Aliyevikwa koti alikuwa mchota maji wa boma, jina lake Owuor. Lindkvist, bila kujua, alikuwa amempa nakala ya picha mkuu wa wilaya aliyekuwa ndiyo kwanza ahamishiwe pale, asiyemjua chifu wala mchota maji. Siku ya baraza, mkuu wa wilaya akatoa picha mfukoni, akamtazama Orwa, akaitazama picha, akamwamuru Orwa aache kujifanya mkubwa aende akakae na wananchi. Kisha akamwita Owuor kutoka kwenye mitungi. Orwa hakuweza kusema kitu, maana kusema ni kukiri kwamba aliidanganya serikali wakati wa vita. Akaenda akakaa na wananchi. Owuor akakalia kiti, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia ainuke, akakaa miaka ishirini na miwili.

Kulikuwa na mistari mingine michache, na Valerie aliisoma kwa sauti ya chini, lakini Bethuel hakuisikia. Alikuwa amesimama dirishani akiwaza ukuta wa kinu cha kusaga.

Alijaribu njia zote. Alisema huenda mkalimani alikuwa na chuki. Alisema wamisionari walipenda visa. Mwisho akasema huenda mtu wa kwenye picha si babu yake kabisa, huenda babu yake halisi hakuwahi kupigwa picha.

"Men pappa," Valerie alisema, taratibu kama anayemwonea huruma mgonjwa, "öronen står i protokollet."

Kweli, masikio yalikuwa kwenye kumbukumbu, kifungu cha sita, kwa milimita. Bethuel mwenyewe ndiye aliyesisitiza milimita.

Akamwomba binti yake wasiseme lolote kwanza. Valerie akamjibu kwa Kiswidi kwamba yeye hatasema, ila akiulizwa hatadanganya, na kama ni kitabu cha historia basi hajui wanaandika historia ya nani. Bethuel akazikunja zile karatasi mbili akazitia mfuko wa ndani wa koti lake la baridi. Wiki nzima hakulala vizuri. Si kwamba aliogopa kuchekwa tu, ingawa hilo nalo aliliogopa sana. Maisha yake yote alijua yeye ni nani. Alipofika Uswidi na shahada isiyotambuliwa, akisukuma vitanda vya wagonjwa kabla ya kupata kazi ya maabara, alijiambia kila asubuhi kwenye treni kwamba yeye ni mjukuu wa chifu na huu ni upepo tu, utapita. Sasa alikuwa mjukuu wa kosa la mkuu wa wilaya.

Jumamosi ikafika. Alimwambia Valerie abaki nyumbani. Alipanga kwenda, kuongoza mkutano, kunywa kahawa, na kurudi na karatasi zake mfukoni, kama hazijaandikwa.

Siku hiyo mvua ilinyesha na hawakuhudhuria wengi. Walikuwa wanne, pamoja na mzee mmoja Mkuria aliyekuja kwa ajili ya maandazi ya mdalasini na alilala muda mwingi. Leokadia alikuwa amempitia Milcah nyumbani kwake na kuja naye polepole, amemshika mkono, maana goti la mama lilikuwa limeanza kumsumbua. Bethuel akafungua mkutano na kusoma ajenda. Kabla hajafika kifungu cha pili, Milcah akasema anaomba zile kumbukumbu zote azitie sahihi.

Kwa jirani zilisikika sindano za kufumia na kicheko cha bibi mmoja wa Kiswidi.

Milcah alieleza, huku akitafuta kalamu kwenye mkoba wake, kwamba amechoka. Daktari amemwambia habari za moyo, na anataka kukiona kitabu kabla hajaondoka, hata kama babu yake hayumo. Amefikiria sana, akasema, na pengine Mwenyekiti ana haki. Bibi yake alikuwa mtu mwenye uchungu, na mwenye uchungu huongeza chumvi. Pengine hapakuwa na koti wala chifu.

"Pengine bibi yangu alikuwa mwongo tu," alisema, na akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

Bethuel alikuwa amelingoja jambo hili miezi minane, na hivi ndivyo lilivyokuja. Aliutazama ule mkono mkavu wa mama mtu mzima ukianza kuandika herufi ya M. Kumshinda Milcah alitaka, sana. Lakini kumwona akimwita bibi yake mwongo, na yeye Bethuel ameketi na ukweli wa yule bibi umekunjwa mfukoni, kifuani pake, hilo hakuweza.

"Mama Milcah, usisaini," alisema. "Bibi yako hakusema uongo. Subiri."

Akatoa karatasi. Alizilaza mezani, akaanza kutafsiri polepole kutoka Kiswidi, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Alipofika kwenye kuku Leokadia alifunika mdomo kwa daftari la kumbukumbu, mabega yakimtikisika. Alipofika pale mkuu wa wilaya anapomfukuza Orwa aende akakae na wananchi, yule mzee Mkuria alikuwa ameamka na kuacha andazi hewani. Milcah hakucheka. Alikuwa amenyooka kwenye kiti chake na uso umemng'aa, kama mtu aliyesimama mahakamani akisomewa kwamba shamba ni lake.

Bethuel akaendelea, maana mistari ilikuwa haijaisha. Ilikuwa ile ambayo jikoni hakuisikia.

Mmisionari aliandika kwamba alimuuliza mkalimani, kwa nini Owuor, kwa nini si mtu mwingine. Mkalimani akajibu kwamba wazee walikaa na kushauriana nani avae koti, kwa kuwa walikuwa na hakika atakayevaa atakufa. Wakapita nyumba kwa nyumba. Huyu ana wake wawili. Huyu ana mama mzee. Huyu ana watoto. Wakafika kwa mchota maji. Alikuja akiwa mtoto wakati wa njaa, hajulikani ni wa nani. Hana mke, hana ng'ombe. Bethuel alisoma maneno ya mwisho kabla hajaelewa anasoma nini: walimchagua kwa sababu hakuwa na mtu wa kumlilia.

Akaiona upya ile picha aliyoitundika sebuleni, ile aliyokuwa akiwaonyesha wageni na kuwaambia tazameni macho ya utawala. Yalikuwa macho ya kijana aliyeambiwa asimame pale afe, akasimama. Bethuel alikuwa ameogopa wiki nzima kwamba babu yake hakuwa mkubwa. Hakuwa amewaza kabisa kwamba babu yake alikuwa peke yake.

Leokadia aliacha kuandika. Hakuna aliyejua mwenyekiti afanye nini na kikao kama hicho, wala mwenyekiti mwenyewe.

Milcah ndiye aliyeinuka. Alishika ukingo wa meza, goti likamgomea, akasimama hivyo hivyo. Uso wake haukuwa tena wa mtu aliyeshinda.

"Walimtoa mtoto wa watu afe badala ya babu yangu," alisema. "Alikula kwetu, akachota maji yetu, tukamtoa. Na mimi nimekaa hapa toka Februari nadai koti." Akamtazama Bethuel. "Mwanangu, nani alimlilia alipokufa?"

Bethuel alisema alizikwa vizuri, serikali ilileta bunduki zikapigwa, walikuja watu wengi.

"Nakuuliza watu wa Orwa. Walikuja?"

Wote walijua hawakuja. Walikuwa na uchungu wao.

Basi Milcah akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni, akaweka mikono kichwani, na akalia. Hakulia machozi ya chumbani. Alilia kama wanavyolia kwao mtu anapofariki, kwa sauti yote ya kifua, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na goti lake bovu, akimwita Owuor kwa jina. Kwa desturi angetaja na baba yake, Owuor mwana wa fulani, lakini hapakuwa na fulani. Sauti ikakwama hapo mara mbili. Mara ya tatu akamwita Owuor mtu wetu, Owuor wa nyumba ya Orwa, nani atatuletea maji sasa, na akaendelea. Leokadia, ambaye kwa kawaida hana babu wa kumpigania, alishika kiitikio. Mzee Mkuria akavua kofia.

Sindano za jirani zilinyamaza. Mlango ukagongwa, kwa adabu, ukafunguka kidogo, na bibi mmoja wa Kiswidi akachungulia na sweta lisilokamilika mkononi, rangi imemwondoka usoni. Akauliza kama kuna mtu ameumia. Kisha akamwona Milcah, akaona na Bethuel, aliyekuwa ameinamia meza na machozi yanadondokea kumbukumbu ambazo hazikuwa zimesainiwa, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amekufa.

"Ja," Bethuel alimjibu, ndiyo, ni babu yake. "Min farfar."

Yule bibi akaingia mpaka ndani. Alimshika Bethuel bega, akamwambia beklagar sorgen, pole kwa msiba, akamwuliza kama walikuwa karibu. Bethuel alifikiri kidogo, akasema kwamba wamefahamiana leo. Bibi yule hakuelewa, lakini hakuuliza zaidi. Alivuta kiti akakaa nao, akaweka sweta lake magotini, na Milcah akaendelea kulia.